Je, Wajua? Ngome za Kirkoswald na Vituko vya Akina Kennedy

Sogea kidogo, msomaji, tugawane benchi. Leo tunakwenda Uskoti, pembe ya kusini-magharibi, kwenye parokia ya Kirkoswald inayotazama bahari, safari ya saa moja na ushei kwa gari kutoka Glasgow. Ni nchi ya ng'ombe na viazi, lakini majumba yake na ya majirani zake yana visa vya kukupozea chai mezani. Upo tayari?

Je, wajua kwamba kasri kubwa la hapa, Culzean (soma "Kalein", z haitamkwi), limekaa ukingoni kabisa mwa jabali, kama mita 45 juu ya mawimbi? Msanifu Robert Adam alilijenga upya kuanzia 1777 hadi 1792 kwa ajili ya Lodi wa Cassillis, mkuu wa ukoo wa Kennedy. Na sikiliza hili: msanifu alifariki Machi 1792, tajiri wake akamfuata Desemba ya mwaka huohuo!

Ukiingia ndani, simama kwenye ngazi. Imejengwa kwa umbo la yai, zulia jekundu linapanda nayo, na mwanga unashuka kutoka paa la kioo. Sasa tazama nguzo. Kanuni ya wajenzi wa kale ilikuwa wazi: nguzo za Kiionia chini, za Kikorintho zenye mapambo ya majani juu yake. Adam alizigeuza! Za majani akaziweka ghorofa ya kwanza, zile nyingine ya pili, na hakuna mgeni anayelalamika.

Na je, wajua kwamba Adam alilipwa pia kujenga magofu? Naam, magofu mapya kabisa! Tao la kuingilia Culzean lilijengwa likiwa limebomoka tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtindo wa siku zile ulipenda kitu chakavu mlangoni. Lodi alikuwa na magofu halisi kushoto na kulia kwake kwenye pwani ileile, bado akaona hayamtoshi. Pesa ikizidi, bwana!

Haya, zawadi ya ghorofa nzima umewahi kuipata? Jenerali Eisenhower aliipata. Mwaka 1945 akina Kennedy waliikabidhi Culzean kwa shirika la hifadhi ya urithi wa Uskoti, kwa sharti kwamba ghorofa ya juu apewe jenerali huyo Mmarekani aitumie maisha yake yote, kama shukrani ya vita. Alikuja mara 4. Safari ya 1959 alikuja akiwa rais wa Marekani, na sehemu ile ya jengo ikageuka ofisi ya rais kwa siku chache.

Uliwahi kushika noti ya pauni 5 ya Royal Bank of Scotland iliyoanza kutolewa 1987? Kasri lililo upande wa nyuma ni hilihili la Culzean. Na kama wewe ni mpenzi wa filamu za kutisha, kasri la mwenye kisiwa kwenye *The Wicker Man* ya 1973, lile linaloonekana kwa nje, ni hilihili tena. Chumba chake cha silaha nacho ni kituko, maana bastola na panga zimepangwa ukutani kwa mamia, zikichora maua na miduara. Hapigwi mtu pale, ni mapambo.

Chini ya kasri kuna mapango, na ndani ya mapango kuna kisa. Husimuliwa kwamba mpiga zumari mmoja alitumwa humo na mbwa wake, akipiga zumari ili walio juu wasikie anaishia wapi. Hakutoka hadi leo. Jambo lisilo hadithi ni kwamba katika karne ya 18 pwani hii ilikuwa njia kuu ya magendo, na mapango yalifaa sana kwa mzigo usiopenda kuonana na mtoza ushuru.

Sasa tulia, hili ni zito. Je, wajua kwamba katika makaburi ya kanisa la zamani la Kirkoswald kuna jiwe lenye jina la Mwafrika? Aliitwa Scipio Kennedy. Alichukuliwa Guinea, Afrika Magharibi, akiwa mtoto wa miaka mitano au sita, akavushwa bahari na nahodha Andrew Douglas. Binti wa nahodha alipoolewa na bwana wa Culzean, mtoto alikwenda naye kama sehemu ya mali za bibi harusi.

Mwaka 1725 Scipio alitia saini hati ya kumwachia huru. Huru, ndiyo, lakini hati ileile ilimfunga kutumika Culzean miaka 19 zaidi! Mshahara: pauni 12 za Kiskoti kwa mwaka, pamoja na nguo. Usishangilie hizo 12, maana pauni 12 za Kiskoti za wakati ule zilikuwa sawa na pauni 1 tu ya Kiingereza.

Akamwoa Margaret Gray, wakajaaliwa watoto, akakaa pale hadi alipokufa mwaka 1774 akiwa na miaka 80. Jiwe la kaburi liliwekwa na mwanawe, Douglas. Vitukuu wa mabwana wengi wa enzi zile hawajui babu yao kazikwa wapi. Wa Scipio wanalo jiwe la kuonyesha.

Tunyooshe miguu kidogo. Fuata pwani kuelekea kusini ufike Turnberry. Je, wajua kwamba mnara wa taa wa hapa, uliowashwa 1873, umesimama katikati ya magofu ya ngome ya kifalme? Robert Bruce, mfalme aliyewatoa Waskoti mikononi mwa Waingereza, inaaminika alizaliwa katika ngome hii tarehe 11 Julai 1274. Mmoja wa wahandisi wa mnara ule ni Thomas Stevenson, baba yake mwandishi Robert Louis Stevenson.

Wazazi wa Bruce sasa! Mama yake, Marjorie, alikuwa mrithi wa Carrick yote, yaani wilaya hii tunayoitembelea. Mume wake wa kwanza alifia vitani, katika Vita vya Msalaba, na kijana mmoja mzuri wa sura akaja kumpasha habari. Masimulizi ya kale yanasema mjane alimpenda mgeni papo hapo, akamfungia ngomeni hadi akubali ndoa. Kijana akakubali. Mfalme Alexander III alikasirika kwa kutoombwa ruhusa, akaishika ngome, Marjorie akalipa faini na maisha yakaendelea. Na mtoto wao ndiye akawa mfalme!

Mwaka 1307 Bruce, wakati huo mkimbizi, alisubiri kisiwani Arran ng'ambo ya maji. Mpango ulikuwa kwamba moto ukiwaka karibu na Turnberry, avuke. Moto ukaonekana, akavuka na watu wake, kufika akaambiwa hakuna aliyewasha ishara na Waingereza wamejaa ngome nzima. Wengine wangegeuza mashua. Yeye alivamia usiku uleule, na vita vyake vikaanza upya kwa moto ambao haukuwa wake.

Hoteli kubwa iliyo juu ya kilima hapo Turnberry ilifunguliwa 1906. Mara mbili, katika vita kuu zote mbili, viwanja vyake vya gofu vikageuzwa uwanja wa ndege za kivita, na katika ile ya pili hoteli ikawa hospitali. Baada ya vita ya pili ilibidi zege la njia za ndege ling'olewe na majani yapandwe upya. Mwaka 1977 mcheza gofu Tom Watson akamshinda mwenzake Jack Nicklaus hapo kwa mpigo 1 tu, na aliyeshika nafasi ya tatu alikuwa nyuma ya Nicklaus kwa mipigo 10!

Umeshiba? Bado. Geuka kaskazini, tupite Culzean, hadi magofu ya Dunure juu ya mwamba. Hapa, Agosti 1563, Malkia Mary wa Waskoti alikaribishwa na Gilbert Kennedy, Lodi wa nne wa Cassillis. Wenyeji walimwita mfalme wa Carrick. Malkia alilala, akala, akaondoka salama. Kuna mgeni mwingine hakuwa na bahati hiyo.

Mgeni huyo ni Allan Stewart, msimamizi wa mali za abasia ya Crossraguel. Lodi aliyataka mashamba ya abasia, Stewart alikataa kutia saini. Basi tarehe 1 Septemba 1570 akapelekwa chumba cheusi cha chini pale Dunure, akavuliwa nguo, akafungwa juu ya moto, wakawa wanampaka mafuta kama mishkaki ili asiungue haraka. Akatia saini! Siku chache baadaye Lodi akataka karatasi ithibitishwe, Stewart akakataa, akarudishwa motoni.

Unadhani alikufa? Hakufa. Jamaa wa Bargany, ambao nao ni akina Kennedy lakini mahasimu wa Lodi, waliivamia ngome wakamtoa. Stewart akapeleka mashtaka yake kwenye Baraza la Mfalme. Na hukumu ya kumchoma mtu mara mbili? Lodi alitakiwa kuweka dhamana ya pauni 2,000 kwamba hatamsumbua tena. Mashamba akabaki nayo.

Bado hujasikia lote. Kitabu cha kale cha historia ya ukoo huo kinasimulia kwamba kabla ya hapo Lodi alimtumia mtawa mmoja kughushi saini ya abate aliyekwisha kufa. Kisha akaogopa mtawa atasema, akamtuma mtu amchome kisu. Kisha akaogopa huyo muuaji naye atasema, ikapangwa anyongwe kwa kosa la wizi. Watu wawili chini ya udongo, kwa karatasi moja!

Ukiwa Dunure usisahau kutazama banda la njiwa karibu na magofu. Ni la mawe, la mviringo, na limedumu vizuri kuliko ngome yenyewe. Njiwa walikuwa nyama ya baridi kali, wakati malisho ya ng'ombe yamekwisha. Abasia ya Crossraguel nayo ilikuwa na la kwake, na hadi leo unaweza kuingia ukahesabu vishimo vya viota ukutani.

Abasia hiyo ina mambo. Uskoti nzima ilikuwa na abasia mbili tu za watawa wa Cluny, na Crossraguel ni mojawapo, iliyoanzishwa karne ya 13 na mtawala wa Carrick. Mwaka 1919, mafundi walipokuwa wakizibua mfereji wa zamani, wakakuta lundo la visarafu vya shaba pamoja na mabaki ya chuma. Wataalamu wamebishana miaka na miaka juu ya nani aliyevigonga.

Wapenda ubishi? Mwaka 1562 abate wa Crossraguel, Quintin Kennedy, alikutana na mhubiri John Knox katika mji jirani wa Maybole kujadili misa. Kila upande ulileta mashahidi 40. Siku 3 nzima walizungumzia jambo moja: Je, Melkizedeki alipomtolea Ibrahimu mkate na divai, alikuwa akitoa sadaka au alikuwa akimpa mgeni chakula? Mjadala haukuisha kwa hoja. Uliisha kwa sababu Maybole ilikosa chakula na malazi ya kuwatosha!

Shika moyo, tunarudi kwenye visasi. Mei 1602 Sir Thomas Kennedy wa Culzean aliuawa njiani karibu na mji wa Ayr. Siku moja kabla alikuwa ameandika barua kumwomba jirani yake, John Mure wa Auchendrane, wakutane njiani. Kijana aliyebeba barua, William Dalrymple, akaipeleka kwa Mure, naye akaisoma, akamwamuru kijana aseme hakumkuta mtu. Kesho yake wauaji walikuwa wakisubiri mahali palepale palipotajwa kwenye barua.

Shahidi akawa mzigo. Wakamficha kisiwani, wakampeleka ng'ambo kuwa askari, akarudi. Mwaka 1607 wakamuua mchangani karibu na Girvan, wakajaribu kumzika, mchanga ukakataa kwa sababu ya maji. Wakamtupa baharini, bahari ikamrudisha ufukweni. Mwaka 1611 Mure na mwanawe wakakatwa vichwa Edinburgh.

Pumzi. Tuongee mambo ya shule. Mwaka 1775 kijana wa miaka 16 aliletwa Kirkoswald, kijiji alikotoka mama yake, asome upimaji wa ardhi. Alikuwa Robert Burns, mshairi mkuu wa Waskoti. Siku moja akiwa bustanini anapima jua, akamwona Peggy Thomson wa nyumba ya jirani, na hesabu za pembetatu zikaishia hapo.

Hakutoka mikono mitupu lakini. Mkulima Douglas Graham wa shamba la Shanter na fundi viatu John Davidson, wote wa parokia hii, ndio waliomzalia wahusika wa shairi la *Tam o' Shanter*, lililochapishwa 1791. Nyumba ya Davidson ya mwaka 1785 ingalipo, yenye paa la nyasi, na yeye na Graham wamezikwa makaburi yaleyale alimo Scipio. Na meli *Cutty Sark* ya 1869? Jina lake limetoka kwenye shairi hilo, kwenye shumizi fupi aliyovaa mchawi!

Lodi aliyejenga Culzean hakuwa na mtoto, na cheo kikavuka Atlantiki. Mrithi aliyekipata 1792 alikuwa Archibald Kennedy, nahodha wa jeshi la maji aliyekuwa na nyumba New York, namba 1 Broadway. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, George Washington aliitumia nyumba hiyo kama makao yake mwaka 1776. Karibu karne mbili baadaye rais mwingine wa Marekani akalala Culzean. Hapo sasa!

Sogea zaidi, hili linatuhusu sisi. Bara kidogo kutoka pwani, katika parokia jirani ya Dailly, kuna jumba liitwalo Kilkerran, nyumbani kwa akina Fergusson. Kuanzia 1886 hadi 1891 bwana wa jumba hilo, Sir James Fergusson, alikuwa naibu waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Waziri mwenyewe alikaa baraza la malodi, kwa hiyo bunge la wawakilishi likiuliza habari za Zanzibar, aliyesimama kujibu ni Fergusson.

Angalia miaka hiyo vizuri. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kumwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa upana wa maili 10 tu, na bara yote wakaigawana. Mwaka 1890 wakamaliza kazi: Zanzibar chini ya Waingereza, Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland. Mstari unaozitenganisha Kenya na Tanzania ulitetewa bungeni na mtu wa nyumba hii ya mashamba!

Familia hiyo haikuchoka kutawala. Sir James alikuwa gavana wa New Zealand kuanzia 1873, mwanawe akatumwa hukohuko 1924, na mjukuu 1962. Babu, baba, mwana, nchi ileile. Mzee mwenyewe alipona vita vya Crimea akiwa na jeraha, kisha akafa katika tetemeko la ardhi Kingston, Jamaika, mwaka 1907.

Hapohapo Dailly kuna ngome ndogo ya Penkill. Ukuta wa ngazi yake ya mviringo ulichorwa na William Bell Scott, picha moja ikipanda ghorofa kwa ghorofa. Rafiki yake, mshairi Dante Gabriel Rossetti, alikaa hapa 1868 na 1869, hamu ya kuandika ikamrudia. Tatizo: mashairi yake ya zamani alikuwa ameyazika na mkewe. Oktoba 1869 kaburi likafukuliwa London, daftari likatolewa!

Tazama baharini sasa. Ule mwamba wa mviringo ni Ailsa Craig, mita 338 kwenda juu, na juu ya ubavu wake kuna mabaki ya mnara wa ngome. Mwaka 1597 Hugh Barclay wa Ladyland alikiteka kisiwa, akipanga kukifanya ghala la Wahispania. Aligunduliwa na akafa maji palepale.

Itale ya kisiwa hicho ndiyo hutengenezewa mawe ya mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu, ule wa Olimpiki ya majira ya baridi. Kila jiwe lina uzito wa karibu kilo 20. Panya walioshuka kutoka melini waliwahi kula mayai yote ya ndege wa mashimoni. Mwaka 1991 panya wakaangamizwa, na ndege wakarudi kutaga.

La mwisho, kisha benchi ni lako. Kati ya Dunure na Culzean kuna kipande cha barabara kama mita 400 kiitwacho Electric Brae. Zima injini, achia breki, na gari litaanza kupanda mlima lenyewe! Zamani walidhani ni umeme ardhini, ndipo jina likashika. Sumaku hakuna, umeme hakuna: mteremko ni wa kweli, ila sura ya vilima vya pembeni huyadanganya macho yakauona mlima. Ukifika, washa taa za hatari kwanza, maana nyuma yako yuko dereva aliyekuja kujaribu hilohilo.